Hans Berger: Buda Aliyenasa Stima ya Kichwa

Ushaona zile video za msee amevalishwa kofia imejaa waya, anaonyeshwa picha kwa skrini, kisha anaulizwa ni gani alikuwa ameziona? Waya hizo zinasoma stima ya ubongo akijaribu kukumbuka. Kazi hiyo ilianzishwa na daktari Mjerumani, Hans Berger.

Berger alizaliwa 1873. Akiwa kijana jeshini, farasi alimwangusha mbele ya gari la mzinga. Gurudumu lilisimama likibaki kidogo tu limpite juu. Siku hiyo hiyo akapokea telegramu kutoka kwa fathe yake akiuliza kama yuko sawa, juu sista yake nyumbani alikuwa amehisi kaka yuko kwa shida. Hapo jamaa akaamini fikra zinaweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Akaingia udaktari kutafuta hiyo nguvu.

Miaka ikapita kwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Jena, akijaribu hiki na kile bila kushika kitu. Mwaka wa 1924 ndio akanasa stima ya ubongo wa binadamu, kwa kijana aliyekuwa ametolewa kipande cha fuvu. Baadaye akapima hadi mtoi wake, Klaus. Stima yenyewe haifiki hata sehemu 1 ya 10,000 ya volti, so usidhani utachaji simu nayo!

Noma ni vile alinyamaza miaka 5 kabla ya kuchapisha, 1929. Alikuwa amegundua ukifunga macho, wimbi la kama mara 10 kwa sekunde linatokea, ukiyafungua, linapotea. Ukipiga hesabu kichwani pia linafifia. Hadi leo wanasayansi huangalia wimbi hilo likipanda na kushuka mtu akishikilia picha akilini. Lakini wakati huo wengi walimwona kama anaota. Mambo yakabadilika 1934, Edgar Adrian wa Cambridge alipoirudia na kupata kitu ile ile.

Kuna soo pia. Chini ya Hitler, Berger alikaa kwa mahakama zilizoamua watu wafungwe kizazi kwa lazima, na hiyo haifutiki. Alistaafu 1938, akajitoa uhai 1941. Zile fikra za kuruka hakuwahi kuzipata. Stima aliyopata ndio madaktari husoma leo wakipima mtu wa kifafa.