Lij Iyasu: Mtawala wa Ethiopia aliyeanguka kabla ya kuvikwa taji

NI wachache kati ya wanaopita barabara ya Haile Selassie jijini Nairobi wanaomfahamu kijana ambaye kuanguka kwake kulimfungulia mfalme huyo njia. Kijana huyo ni Lij Iyasu, aliyetawala Ethiopia kwa muda usiotimia miaka mitatu.

Iyasu alikuwa mjukuu wa Mfalme Menelik II. Baba yake, Ras Mikael, mtawala wa jimbo la Wollo, alizaliwa Mwislamu na kubatizwa mwaka wa 1878. Menelik, akiwa mgonjwa, alimteua mjukuu huyo kuwa mrithi mwaka wa 1909. Alipofariki Desemba 1913, himaya ikabaki mikononi mwa kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20.

Iyasu hakupenda kukaa Addis Ababa. Alizunguka nyanda za Waafar na Wasomali, akaoa katika koo za Kiislamu, na mwaka wa 1914 akampandisha baba yake cheo kuwa Negus. Kwa mikoa ya pembeni iliyotwaliwa kwa bunduki enzi za Menelik, hiyo ilikuwa heshima isiyozoeleka. Kwa wakuu wa Shoa, ilikuwa tishio. Uingereza, Ufaransa na Italia, zilizokuwa vitani, nazo zilimshuku kuegemea Uturuki na Ujerumani.

Agosti 1916, alimwondoa Tafari Makonnen katika ugavana wa Harar. Mnamo Septemba 27, sikukuu ya Msalaba, akiwa mbali mashariki, wakuu na Askofu Mattewos walimvua madaraka kwa tuhuma kwamba alikuwa amesilimu. Zewditu, bintiye Menelik, akawa malkia; Tafari akawa mrithi.

Wollo ikaasi. Mikael aliongoza maelfu ya wapiganaji kuelekea mji mkuu, na mwezi Oktoba wakamuua Ras Lul Seged wa Shoa vitani. Hata hivyo, hakusonga mbele mara moja, na wapinzani wakapata muda wa kujikusanya. Mnamo Oktoba 27, alishindwa na kutekwa huko Segale. Mwanawe hakuwahi kufika kumsaidia.

Iyasu alijificha kwa Waafar, akakamatwa mwaka wa 1921. Alitoroka kizuizini mwaka wa 1932, akakamatwa tena. Alifariki Novemba 1935, Italia ikiwa imeivamia Ethiopia.

Kwa miaka mingi, habari zake zilisimuliwa na walioshinda, nao walimwita msaliti wa dini. Wanahistoria wa baadaye wamemwona pia kama mtawala aliyetaka Waislamu wa Ethiopia wawe na nafasi katika himaya, lakini akawaachia mahasimu wake mji mkuu.

Tafari, aliyetawazwa kuwa Haile Selassie mwaka wa 1930, naye alipinduliwa mwaka wa 1974.