Mfahamu Du Sable, mweusi aliyeanzisha Chicago, kaburi lake halijulikani lilipo

Ukisikia Chicago unawaza nini? Maghorofa marefu, Michael Jordan, labda na Obama. Kumbe mgeni wa kwanza kuweka makazi ya kudumu pale alikuwa mtu mweusi, mfanyabiashara wa ngozi. Jina lake ni Jean Baptiste Point du Sable.

Enzi hizo, miaka ya 1700, ngozi zenye manyoya, hasa za mnyama aitwaye biva, zilikuwa dili kubwa Amerika Kaskazini. Wenyeji waliwinda, wafanyabiashara wakabadilishana nao kwa mablanketi, masufuria na baruti, kisha mzigo ukavuka bahari kwenda Ulaya kutengenezwa kofia.

Kwenye biashara hiyo, bila undugu na wenyeji hufiki mbali. Du Sable alimuoa Kitihawa, wa kabila la Wapotawatomi, wakapata watoto wawili, Jean na Susanne. Mwaka 1788 ndoa yao ilibarikiwa na Kanisa Katoliki huko Cahokia.

Haikuwa mteremko. Mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, Waingereza walimkamata wakidhani yuko upande wa adui. Baadaye wao wenyewe wakampa kazi ya kusimamia shamba.

Alipotoka huko akajenga kwenye mdomo wa Mto Chicago: nyumba kubwa, maghala mawili, kinu, tanuri la mikate, banda la kuku na ng'ombe wa kutosha. Mwaka 1800 akauza vyote kwa livre 6,000, pesa ya Kifaransa, akahamia St. Charles, Missouri. Alifariki huko Agosti 28, 1818.

Nyumba yake ikaja kuangukia mikononi mwa mzungu, John Kinzie. Basi kwa miaka mingi sifa ya kuanzisha Chicago akapewa Kinzie, Du Sable akasahaulika.

Mwaka 1968 jiwe la kumbukumbu liliwekwa mahali palipoaminika kuwa kaburi lake. Mwaka 2002 wanaakiolojia wakachimba, lakini hawakukuta mabaki yoyote.

Chicago ilimtambua rasmi kuwa mwanzilishi wake. Mwaka 2021 barabara maarufu ya kando ya Ziwa Michigan ikapewa jina lake. Leo maelfu ya magari yanapita humo kila siku, lakini mwenye jina amelala wapi, hakuna anayejua.