Fresnel: Mhandisi wa barabara aliyerudisha mistari ya mwanga

Augustin-Jean Fresnel alizaliwa Mei 10, 1788 katika mji mdogo wa Broglie, kaskazini mwa Ufaransa. Alikuwa mtoto wa afya dhaifu, na hadi umri wa miaka 8 alisoma kwa taabu. Baadaye alisomea uhandisi jijini Paris, kisha akaajiriwa na serikali kujenga barabara mikoani.

Mwaka 1815, Napoleon aliporejea kutoka kisiwa cha Elba, Fresnel alijiunga na waliompinga. Alisimamishwa kazi na kuwekwa chini ya uangalizi wa polisi. Akaenda kwa mama yake kijijini Mathieu na huko, bila maabara, akaanza kuchunguza mwanga.

Wakati huo vigogo wa sayansi jijini Paris waliamini kuwa mwanga ni chembe. Fresnel aliona ni mawimbi. Mmoja wa majaji wake, Poisson, alipiga hesabu na kudai kuwa kama hoja hiyo ni kweli, basi katikati ya kivuli cha kisahani lazima kuwe na nukta ya mwanga. François Arago alipojaribu, nukta ikaonekana. Mwaka 1819 Fresnel akapewa tuzo.

Mwaka huohuo, yeye na Arago walitangaza matokeo mengine. Miale miwili ya chanzo kimoja ikikutana hutoa mistari ya mwanga na giza. Mwale mmoja ukitetema wima na mwingine ukitetema mlalo, mistari hutoweka. Ikipitishwa kwenye fuwele inayoirudisha kwenye mwelekeo mmoja wa mtetemo, mistari hurudi, mradi mwanga wa awali ulikuwa na mwelekeo mmoja. Kilichoonekana kupotea kilikuwa kimefichika tu.

Fresnel alikuwa pia mtumishi wa minara ya taa. Mwaka 1823 lenzi yake iliwashwa katika mnara wa Cordouan kuongoza mabaharia. Kifua kikuu kilipomzidi mwaka 1824, alipunguza utafiti na nguvu zilizobaki akazielekeza kwenye minara hiyo. Alifariki Julai 14, 1827, akiwa na miaka 39.

Mwaka 1982, wanafizikia Marlan Scully na Kai Drühl walipendekeza kinachoitwa kifutio cha kwantamu. Fotoni hata ikitumwa peke yake, alama inayoonyesha njia iliyopita huondoa mistari. Alama ikifutwa, mistari hurudi. Leo njia nyepesi ya kulionyesha hilo ni ileile: tundu moja hupewa mtetemo wima, jingine mlalo, kisha kichujio cha mshazari huwekwa mbele. Kichujio hupunguza mwanga, lakini hakiachi dalili ya tundu lililopitiwa. Fresnel hakuijua fotoni, ila mistari iliyotoweka na kurudi aliiona kwa macho yake.