Reith na shilingi kumi za kila nyumba

John Reith simpendi sana, niseme mapema. Alikuwa Mskoti wa futi sita na inchi sita, mtoto wa mchungaji, mzaliwa wa Stonehaven mwaka 1889, mwenye kununa kama mtu aliyelazimishwa kuja harusini. Oktoba 1915, vitani Ufaransa, risasi ya mdunguaji ilimpasua shavu la kushoto na kovu halikufutika tena. Lakini kila nikisoma jinsi nchi zinavyogharamia televisheni ya umma, najikuta nimerudi kwa mzee huyu.

Desemba 1922, akiwa na miaka 33, alianza kazi ya umeneja British Broadcasting Company. Alikuwa injinia, mambo ya utangazaji hakuyajua. Kampuni ilikuwa ya watengenezaji wa redio, na nani atanunua redio isiyosema kitu? Serikali ikaweka utaratibu: kila nyumba yenye redio ikate leseni posta, shilingi 10 kwa mwaka, nusu iende kwa kampuni.

Reith hakubuni leseni, ila yeye ndiye aliyeipa maana. Kule Marekani stesheni zilikuwa zimeanza kuuza muda wa hewani kwa wafanyabiashara, na yeye hakutaka kabisa. Ukiishi kwa matangazo utamtumikia mwenye sabuni. Ukiishi kwa bajeti ya Serikali, waziri. Lakini tajiri wa London na mchunga kondoo wa Uskoti wakilipa kiasi kilekile, hakuna kati yao anayeweza kusema stesheni ni yake peke yake. Kufikia 1926 leseni zilikuwa zimepita milioni 2. (Kuna wenzetu wanaotaka ada ya umoja ifutwe, jarida hili litafute kampuni za simu. Haya, ila wajue atakayekuwa mhariri.)

Mei mwaka huohuo ukaja mgomo mkuu. Magazeti mengi hayakutoka, watu wakabaki na redio. Churchill, waziri wa fedha, alitaka Serikali iiteke BBC moja kwa moja. Reith akakataa, na hapo nampa heko. Lakini waziri mkuu Baldwin alihutubia taifa akiwa nyumbani kwa Reith mwenyewe, na Reith akamsaidia maneno ya hotuba. Ramsay MacDonald, kiongozi wa upinzani, naye akaomba nafasi. Serikali haikutaka, basi akanyimwa. Wachimba makaa waliokata leseni kama wengine hawakusikia upande wao. Hela ilitoka kwa wananchi, sawa, lakini iliyoikusanya ni posta, posta ilikuwa ya Serikali, na kiwango kilipangwa na Serikali. Januari 1927 BBC ikawa shirika la umma kwa hati ya mfalme, Reith akiwa mkurugenzi mkuu wa kwanza, na tundu hilo likabaki palepale.

Wengine wamejaribu kuliziba kwa namna zao. Ujerumani tangu 2013 kila nyumba inalipa, iwe na televisheni au isiwe nayo. Ufaransa waliifuta ada mwaka 2022, sasa wanachota kwenye kodi ya mauzo. Uingereza bado wanakata leseni, na tangu 2014 hata Idhaa ya Kiswahili tunayoisikiliza bwenini inakula humo.

Televisheni yenyewe Reith hakuipenda. Ilianza Alexandra Palace Novemba 1936, yeye akaondoka BBC 1938. Leseni yake ya kwanza, pauni 2, ilikuja 1946. Bunge lilipojadili televisheni ya matangazo, alisimama kwenye baraza la malodi akaifananisha na magonjwa ya mlipuko. Akashindwa, ITV ikaanza Septemba 1955.

Februari 1971 leseni ya redio ilifutwa, ikabaki ya televisheni tu. Reith alifariki Edinburgh tarehe 16 Juni mwaka huohuo.