Maisha ya Mama Padre Florence Li Tim-Oi

Kila tarehe 25 Januari Kanisa hukumbuka Kuongoka kwa Mtakatifu Paulo. Siku hiyo, mwaka 1944, huko Xinxing katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China, askofu mmoja Mwingereza alimwekea mikono mwanamke Mchina mwenye umri wa miaka 36, akampa daraja ya ukasisi. Katika Kanisa lote la Kianglikana duniani hapakuwa na mwanamke aliyemtangulia. Jina lake lilikuwa Florence Li Tim-Oi. Wengi wetu hapa Kimara tumesikia mabishano juu ya jambo hilo, lakini ni wachache wanaomjua mama mwenyewe, na hasa namna alivyokua. Kwa hiyo tumeona vema kuandika habari zake, tukianzia nyumbani kwa baba yake.

Alizaliwa tarehe 5 Mei 1907 katika kisiwa cha Hong Kong, mahali paitwapo Aberdeen, bandari ya wavuvi ambao wengi wao walizaliwa, wakaoa na wakafa humo humo katika mashua zao. Hong Kong wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, lakini watu wake walikuwa Wachina kwa damu, kwa desturi na kwa lugha. Baba yake alikuwa tabibu, kisha akauacha utabibu akawa mwalimu mkuu wa shule. Basi katika desturi za Wachina wa siku zile mtoto wa kiume ndiye aliyetazamiwa. Yeye ndiye angebeba jina la ukoo, yeye ndiye angewatunza wazee na kuwaheshimu wakiisha kufa. Msichana alihesabiwa kama mgeni anayelishwa mpaka siku ya kuolewa kwa watu wengine. Katika nyumba za maskini sana wako waliowaua watoto wa kike siku ile ile walipozaliwa.

Baba huyu hakuifuata njia hiyo. Alimwita bintiye Tim-Oi, maana yake ni kwamba ameongezewa mtoto mwingine wa kupendwa. Sisi Waswahili twajua kwamba jina ni habari. Wako kati yetu akina Tabu, akina Mashaka na akina Sikudhani, na kila mmoja akiulizwa ataeleza ni kitu gani kilichokuwa kikitokea nyumbani siku alipozaliwa. Jina la Tim-Oi lilikuwa neno la baba mbele ya majirani zake wote.

Lakini upendo wa baba haukuongeza fedha mfukoni. Watoto walikuwa wengi, na karo ya shule ilikuwa nzito. Tim-Oi alikaa nyumbani muda mrefu. Alipoanza kusoma shuleni alikuwa na miaka 14, umri ambao mtoto wa kwetu huwa amekwisha maliza darasa la saba, na alipomaliza sekondari alikwisha vuka miaka 20 kwa mbali.

Katika miaka hiyo ya kungoja, dunia ya Wachina ilipinduka. Oktoba 1911, alipokuwa na miaka 4, yalianza mapinduzi, na tarehe 12 Februari 1912 mfalme wa mwisho, naye mtoto wa miaka 6 tu, aliondolewa katika kiti chake. Utawala wa wafalme uliokuwapo kwa zaidi ya miaka elfu mbili ukaisha. Wanaume ambao kwa zaidi ya karne mbili na nusu walilazimishwa kusuka nywele ziwe kama mkia mgongoni walikata mikia hiyo kwa mkasi. Serikali mpya ilipiga marufuku desturi ya kuwafunga wasichana miguu isikue. Aliyekuwa mbele katika mapinduzi hayo, Dokta Sun Yat-sen, alisomea udaktari Hong Kong, na huko huko alibatizwa. Waliokuwa watoto Unguja mwaka 1964 hawahitaji kuelezwa maana ya mtoto kulala chini ya utawala mmoja na kuamka chini ya mwingine, huku wakubwa wakinong'ona na kunyamaza watoto waingiapo.

Mapinduzi hayakuleta amani. Majenerali waligawana nchi, kila mmoja na jeshi lake. Mwaka 1925 askari chini ya amri ya wageni waliwapiga risasi waandamanaji Shanghai, halafu Guangzhou, mji ambao Wazungu waliuita Canton. Wafanyakazi wa Hong Kong wakagoma. Watu wapatao robo milioni waliondoka kurudi bara, na mgomo ukaendelea hadi Oktoba 1926. Tim-Oi alikuwa msichana wa miaka 18, bado mwanafunzi, anaishi katika mji wa Kiingereza ambao Wachina wenziwe wameususia.

Ilikuwa katika miaka hiyo ya shule ndipo alipobatizwa. Alijichagulia jina la Florence kwa kumpenda yule muuguzi mashuhuri Florence Nightingale, aliyezaliwa mwezi wa Mei kama yeye. Twaona kwamba hakulitupa jina la baba yake. Aliyabeba yote mawili mpaka kaburini.

Mwaka 1931 alikwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana, Hong Kong, wakati mwanamke mmoja wa Kiingereza alipokuwa akiwekwa kuwa shemasi. Mhubiri, aliyekuwa Mchina, aliuliza kama hakuna msichana wa Kichina aliye tayari kujitoa vivyo hivyo kwa ajili ya watu wake. Tim-Oi alipiga magoti akajitoa kwa Mungu kama alivyofanya nabii Isaya hekaluni. Kanisa likamlipia masomo ya theolojia huko Guangzhou, miaka minne. Wajapani walipoanza kuushambulia mji huo kwa ndege mwaka 1937, mwanafunzi huyu alitoka na wenziwe kuwafukua na kuwafunga vidonda waliopigwa na mabomu, na mara moja yeye mwenyewe alinusurika chupuchupu.

Alipohitimu mwaka 1938 alitumika kwanza Kowloon kati ya wakimbizi, kisha Askofu Ronald Hall akamtuma Macau, mji mdogo uliotawaliwa na Wareno. Alipewa ushemasi tarehe 22 Mei 1941, Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Miezi saba baadaye, siku ya Krismasi, Hong Kong ilianguka mikononi mwa Wajapani.

Macau haikuvamiwa kwa kuwa Ureno haikuwamo vitani, kwa hiyo wakimbizi walifurika humo kwa maelfu mengi. Chakula kilikwisha. Watu walikufa kwa njaa barabarani. Shemasi Tim-Oi alizika, alibatiza, alifungisha ndoa, alitafuta mchele. Lakini padre hakuwapo, na baada ya muda hakuna padre aliyeweza kuvuka kutoka Hong Kong. Wakristo wa Macau wangekaa bila Ekaristi mpaka vita viishe, na hakuna aliyejua vitaisha lini. Kwanza aliruhusiwa kuadhimisha akiwa shemasi tu. Askofu Hall aliliona hilo kuwa ni kuvuruga utaratibu wa Kanisa zaidi kuliko kumpa daraja kamili. Alikumbuka jinsi Petro alivyomkuta Kornelio, mtu wa mataifa, amekwisha pokea kipawa cha Roho, akakosa la kumzuilia maji. Basi akamwita. Tim-Oi alisafiri siku nyingi kupita nchi iliyoshikwa na Wajapani mpaka Xinxing, akapewa ukasisi, akarudi Macau kwa njia ile ile ya hatari kuwahudumia watu wake.

Tukubali kwamba wapo kati yetu, na ni Wakristo wema, wasiokubaliana na alilolifanya askofu yule. Hata Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, William Temple, hakukubali. Vita vilipokwisha shauri lilizidi kuwa kali. Askofu Hall alishinikizwa ama alitangue ama aondoke. Hapo ndipo twamwona huyu mama alikuwa mtu wa namna gani. Mwaka 1946, ili kumwokoa askofu wake, aliirudisha leseni yake kwa hiari akaacha kufanya kazi ya padre. Daraja yenyewe hakuikana. Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1948 uliyakataa maombi ya dayosisi yake ya kujaribu jambo hilo kwa miaka 20.

Je, alitendewa haki? Sisi twaona hakutendewa. Wale waliombishania hawakuwa Macau wakati wa njaa. Lakini yeye hakugombana na mtu. Alikubali kutumwa Hepu, karibu na mpaka wa Vietnam, akalilea kanisa la Mtakatifu Barnaba, na humo akaanzisha nyumba ya uzazi. Kusudi la nyumba hiyo lilikuwa kwamba mama ajifungulie mahali penye macho ya watu, ili mtoto wa kike asinyimwe pumzi.

Mwaka 1949 nchi ilipinduka tena. Chama cha Kikomunisti chini ya Mao Zedong kilishika serikali, wamisionari wakaondoka, na Wakristo wakaambiwa wajiendeshe, wajitegemee na wajieneze wenyewe. Kujitegemea ni neno tulilolijua vizuri sisi tangu Azimio la Arusha, wala si neno baya. Tim-Oi alipelekwa Beijing kujifunza mafundisho hayo, kisha akafundisha theolojia Guangzhou na kutumika katika kanisa kuu la huko. Kuanzia mwaka 1958 milango ilianza kufungwa. Alipelekwa shambani kufuga kuku, baadaye kiwandani.

Yalipokuja Mapinduzi ya Utamaduni mwaka 1966, vijana walioitwa Walinzi Wekundu waliingia majumbani wakitafuta kila kilicho cha zamani au cha kigeni. Walimpa Tim-Oi mkasi, wakamwamuru ayakatekate mavazi yake ya kipadre kwa mikono yake mwenyewe. Aliyakata. Alihojiwa tena na tena, akaambiwa aandike makosa yake na ya wenziwe. Ulikuwapo usiku, alivyokuja kusimulia baadaye, alipofikiri kujiua. Kilichomzuia ni kukumbuka kwamba yeye ni kasisi. Alikuwa akipanda vilimani peke yake ili apate kusali.

Hapa inatupasa kukumbuka jambo linalotuhusu. Miaka ile ile sisi wa Dar es Salaam tulikuwa tukiwaona Wachina kila siku. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, jirani zetu, kilijengwa kwa msaada wao na kufunguliwa mwaka 1968. Kati ya mwaka 1970 na 1975 maelfu yao walijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kutoka hapa mpaka Kapiri Mposhi, na wengine wamelala makaburini Gongo la Mboto. Walikuwa watu wa kazi, wapole, wenye nguo za rangi moja, na hawakusema mengi juu ya nyumbani kwao. Wengi walipanda meli Guangzhou. Katika mji huo huo Tim-Oi alikuwa kibarua wa kiwanda, na wala sisi hatukujua. Hatusemi hili kwa kuwalaumu mafundi wale, ambao huenda baadhi yao nao walikuwa na mama au shangazi aliyehojiwa usiku.

Alistaafu kazi ya kiwanda mwaka 1974. Wakati huo mambo ya nje yalikuwa yamekwisha geuka. Mwaka 1971 Hong Kong iliwapa ukasisi wanawake wawili, Jane Hwang na Joyce Bennett, safari hii kwa idhini ya sinodi, na daraja ya Tim-Oi ikatambuliwa tena. Afrika Mashariki nayo haikukaa nyuma: Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliwapa ukasisi wanawake watatu mwaka 1983, miaka kumi na moja kabla ya Uingereza kufanya hivyo.

Makanisa ya China yalifunguliwa tena mwaka 1979, na Tim-Oi, akiwa na miaka 72, akarudi kuhudumu hadharani. Mwaka 1983 aliruhusiwa kwenda kwa jamaa zake Canada, akahudumu Toronto kama padre msaidizi, akiongoza ibada ya Wachina na ya Wazungu pia. Januari 1984 alialikwa Uingereza, na watu wakajaa Westminster Abbey kumshukuru Mungu kwa miaka 40 ya ukasisi wake. Kanisa la Uingereza lenyewe wakati huo lilikuwa halijakubali mwanamke yeyote kuwa padre. Waliomwona wanasema alikuwa mfupi wa kimo, mcheshi, na hakupenda kuzungumza juu ya haki yake.

Alifariki Toronto tarehe 26 Februari 1992. Sinodi ya Uingereza ilipiga kura ya kukubali Novemba mwaka huo huo. Mwaka 1994 ulianzishwa mfuko wenye jina lake wa kuwalipia masomo wanawake wasio na uwezo wanaotaka kulitumikia Kanisa, Waafrika wakiwa miongoni mwao.