Augustino na kiima cha dhambi

Mja akiteleza, aghalabu husema shetani amempitia. Kisarufi, sentensi hiyo ina hila: shetani ndiye kiima, naye mkosaji amegeuka yambwa. Nimeisikia vinywani mwa vijana chuoni, na hata mwa walimu walioshikwa wakiwavizia wanafunzi wao. Kila niisikiapo, humkumbuka Augustino.

Alizaliwa mwaka wa 354 huko Thagaste, mji ulioko katika Algeria ya leo. Mamake, Monika, alikuwa Mkristo mcha Mungu. Akiwa na umri wa miaka 17 hivi, Augustino alikwenda Carthage kusomea balagha. Huko alianza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakajaliwa mtoto wa kiume, Adeodatus. Huko pia aliifuata dini ya Mani, akadumu nayo takriban miaka 9. Dini hiyo ilifunza kwamba ndani ya binadamu mna asili mbili, ya nuru na ya giza, na kwamba atendaye dhambi ni ile ya giza. Sioni ajabu kijana kuipenda: ilimwachia ashiki zake na kumwondolea lawama.

Mwaka wa 384 alipata kazi ya kufundisha balagha Milano. Punde mamake akamposea binti wa jamaa bora, ambaye ilibidi angojewe miaka 2 afikie umri wa kuolewa. Mama ya Adeodatus akarudishwa Afrika, akaapa kutomjua mwanamume mwingine. Augustino, msomi mkubwa, hakuweza kungoja. Alimtwaa mwanamke mwingine.

Alikuwa akimwomba Mungu usafi wa mwili huku akichelea kujibiwa mapema. Katika vita hivyo alitambua kwamba aliyetaka kuacha na aliyekataa kuacha walikuwa mtu mmoja, naye ni yeye mwenyewe. Hapakuwa na mgeni wa giza wa kusingiziwa. Mwaka wa 386, katika bustani mjini humo, alikata shauri. Pasaka ya 387 akabatizwa na Askofu Ambrosi.

Baadaye, akiwa askofu wa Hippo, aliandika Maungamo kuanzia mwaka wa 397 hivi. Aliyakiri makosa yake kwa nafsi ya kwanza, ilhali waumini aliowaongoza wangeweza kuyasoma. Alifunza kuwa binadamu hawezi kujinasua bila neema ya Mungu. Lakini kuhitaji msaada si kukana kosa. Alifariki mwaka wa 430.

Hata hivyo, nina neno naye. Jina la mwanamke yule aliyerudishwa Afrika hakuliandika popote. Toba ina upande wa pili, wa yule aliyeumizwa, na upande huo Augustino hakuumaliza.

Mwalimu mwenzangu, nawe mwanafunzi, vishawishi vitakuja, maana sote tu watu. Lakini siku ya kuulizwa nani alitenda, tusianze na shetani, wala mavazi ya binti, wala ujana. Jibu la kweli huanza na kiambishi kifupi tunachokifundisha kila siku: ni-.