Alois Alzheimer, munganga aliyetafuta usahaulifu ndani ya ubongo

Bibi wa miaka 51 anaanza kumshutumu bwana yake kwamba anatembea na jirani. Anaficha vyombo, anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Huku mashariki ya Kongo, mama wa namna hiyo anaweza kuitwa mchawi, tena haraka. Yeye alikuwa Auguste Deter, wa mji wa Frankfurt, Ujerumani. Mwezi wa 11 mwaka 1901 alifikishwa mbele ya munganga Alois Alzheimer.

Alzheimer alizaliwa mwaka 1864 kule Marktbreit. Tangu 1888 alikuwa anatunza wagonjwa wa akili Frankfurt. Rafiki yake Franz Nissl alimuonyesha namna ya kutia ubongo rangi ili seli zionekane kwa mikroskopi. Mwaka ule ule wa 1901 alifiwa na bibi yake, akabaki na watoto watatu.

Aliketi na Auguste, anauliza, anaandika. Jina la bwana yako ni nani? Mama anataja jina lake mwenyewe. Akitafuna nyama, anasema ni viazi. Hata alipohamia München, Alzheimer hakuacha kufuata habari zake. Auguste alipokufa, mwezi wa 4 mwaka 1906, ubongo ulitumwa kwake. Akautia rangi ya feza, akaona mambo mawili: madoa katikati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Mwezi wa 11 alieleza hayo Tübingen mbele ya waganga wenzake. Hakuna aliyeuliza swali, hata moja! Mkubwa wake, Emil Kraepelin, ndiye aliyeupa ugonjwa jina la Alzheimer katika kitabu cha 1910.

Alikufa Breslau mwaka 1915, naye akiwa na miaka 51.

Ni miaka ya 1980 tu watafiti walipojua madoa yale ni protini inayoitwa beta-amiloidi, na nyuzi ni protini tau. Protini ni kama uzi: lazima ikunjwe vizuri ndipo ifanye kazi. Ikikunjwa vibaya inashikana na zingine, inakuwa uchafu ambao ubongo unashindwa kuondoa, na seli zinakufa.

Dawa lecanemab, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023, inapunguza madoa hayo. Inachelewesha ugonjwa kidogo kwa wale ambao ndio wanaanza, lakini hairudishi kumbukumbu iliyopotea, na inaweza kuvimbisha ubongo ao kuutoa damu. Bei yake ilipotoka: dola 26.500 kwa mwaka, mgonjwa mmoja.